Huzuni na Aibu: Juu ya Tiba ya Nafsi kwa Mwanamke Asiyepata Mtoto

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki salamu haiishi kwa mtu mmoja. Aulizwaye hali yake huulizwa na ya mumewe, kisha ya watoto: watoto hawajambo? Swali hili ni la wema. Limejaa heshima, wala halikukusudiwa kumchoma mtu. Lakini yuko mwanamke ambaye kila asubuhi, kisimani, sokoni au mlangoni pa ofisi, hulipokea kama apokeavyo mtu madai ya deni asiloweza kulilipa. Akijibu kuwa hawajambo, amesema uongo; akijibu kuwa hana, amefungua mlango wa maswali mengine; akinyamaza, amekosa adabu. Ni maneno mawili tu, nayo yamekwisha kumweka mahakamani kabla jua halijapanda.

Mwanamke huyu si mmoja, wala si wa kando. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila sita, yaani asilimia 17.5, hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Na ugumba, kwa kipimo cha matabibu, ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya mume na mke kukutana bila kinga. Elimu ya mwili imepiga hatua kubwa katika jambo hili. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Louise Brown mjini Oldham, Uingereza, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya tumbo la mama, na tangu siku hiyo mamilioni ya watoto wamezaliwa kwa njia hiyo. Lakini mwili si mtu mzima wote. Nyuma ya yai, mrija na mbegu yupo mtu alalaye na kuamka, atumainiye na kukata tamaa. Basi hapa pana swali la maadili linalostahili kupimwa kwa makini: nafsi ya mwanamke huyu inadai nini kwa wenzake? Na tiba ya nafsi, ile inayofanywa kwa mazungumzo kati ya mwenye maumivu na mtu aliyefunzwa kusikiliza, je, ni haki yake, ni anasa, au ni ujanja wa kumnyamazisha?

Kabla ya kujibu yafaa maumivu yenyewe yatazamwe, maana hayo huitwa kwa jina moja ilhali ni mawili. La kwanza ni huzuni. Mtu alitamani mtoto, akampa jina moyoni, akamchagulia pembe ya chumba, na mtoto hakuja. Au alikuja wiki nane tumboni, kisha mimba ikaharibika, pasipo kaburi la kuzuru wala siku ya kumkumbuka. Huzuni hii ni kweli tupu. Ni kivuli cha mapenzi. Mtu hawezi kuiondoa pasipo kuyaondoa mapenzi yaliyoizaa. La pili ni aibu. Hii haikuzaliwa moyoni mwa mwanamke, bali imeletwa kutoka nje ikapangishwa humo. Imeletwa na mavyaa ahesabuye miezi, na wifi atoaye methali makusudi, na jirani aondoaye mtoto wake mchanga mikononi mwa asiye na mtoto kwa kuchelea jicho. Imeletwa hata na lugha, ambayo humwita mzazi kwa jina la mwanawe, mama wa fulani, na hivyo humwacha asiye na mwana akiwa kama hana jina la utu uzima.

Tofauti hii si ya kucheza na maneno. Sigmund Freud, katika makala aliyoichapisha mwaka 1917 juu ya maombolezo na huzuni ya ugonjwa, alieleza kwamba kwa aombolezaye ni dunia iliyopungukiwa na kuwa tupu. Bali kwa yule ambaye huzuni yake imegeuka ugonjwa, iliyopungukiwa ni nafsi yake mwenyewe. Yapo mengi katika mafundisho ya Freud yaliyopingwa baadaye, na kwa haki. Lakini hapa aligusa jambo lenye mizizi. Mwanamke asemaye kuwa nyumba yake ni tupu ana huzuni. Mwanamke asemaye kuwa yeye mwenyewe ni mtupu, kuwa ni mti usiofaa ila kwa kuni, ameingiwa na aibu. Wa kwanza amepoteza kitu. Wa pili ameanza kujipoteza. Na wote wawili wamo katika mwili mmoja, wakilia kwa sauti moja, hata msikilizaji asiye makini asiweze kuwatenga.

Ukubwa wa maumivu haya si wa kukisiwa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Alice Domar na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha ulinganisho wa wanawake wenye ugumba na wagonjwa wa maradhi mengine. Wasiwasi na sonona, yaani huzuni iliyokwisha kuwa ugonjwa, kwa wanawake wale zililingana na za wagonjwa wa saratani na za wagonjwa wa moyo. Lakini mwenye saratani huletewa uji, hufanyiwa dua, huulizwa usiku umekuchaje. Asiye na mtoto huulizwa amefanya nini. Mzigo ni sawa. Mikono ya kupokea ndiyo haikuwa sawa.

Swali hilo la amefanya nini lina historia ndefu, na wenye elimu hawana mikono safi ndani yake. Plato, katika kitabu chake Timaios, alilinganisha tumbo la uzazi na mnyama aliaye kutaka mtoto, ambaye akikawia kuzaa hutangatanga mwilini, huziba njia za pumzi na kuleta maradhi. Kwa fikira hiyo mwanamke asiyezaa hakuwa tu mwenye kukosa. Alikuwa pia makao ya fujo. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1940 na 1950, waliokuwapo mabingwa wa uchambuzi wa nafsi Marekani walifundisha kwamba aghalabu ya wanawake ambao sababu ya ugumba wao haikuonekana walikuwa wakiukataa umama kwa siri, pasipo wao wenyewe kujua. Nguo ilibadilika, mshtakiwa akawa ni yule yule. Vipimo vilipozidi kuwa vizuri, homoni zikaweza kupimwa na mirija ikaweza kutazamwa kwa darubini, ikaonekana kwamba wengi wa washtakiwa wale walikuwa na mirija iliyoziba, au mayai yasiyokomaa, au waume wenye mbegu haba. Mirija haikuwa na habari ya siri za moyo.

Hukumu hiyo ya zamani haijafa. Imehamia katika kauli za mapenzi. Jirani husema: tuliza moyo, utazaa. Acha kuwaza, mtoto atakuja pindi umsahaupo. Yaonekana ni faraja, na asemaye aghalabu ana nia njema. Lakini kauli hiyo ikigeuzwa upande wa pili husomeka hivi: hujazaa kwa kuwa unawaza. Basi aliyekuwa na mzigo mmoja sasa ana miwili. Hana mtoto, na tena ni yeye amfukuzaye. Mwaka 2011 Jacky Boivin na wenzake walikusanya pamoja uchunguzi 14 wa wanawake 3,583 waliokuwa wakitibiwa ugumba, wakatafuta kama wale walioanza tiba wakiwa na dhiki nyingi zaidi ya moyo walipata mimba kwa uchache. Hawakuona hivyo. Wenye dhiki na wasio na dhiki walishika mimba sawasawa. Matokeo hayo hayakupeleka mtoto kwa mtu, lakini yalifuta shtaka moja katika daftari. Na kumfutia shtaka asiye na hatia ni tendo la haki.

Hapo ndipo tiba ya nafsi yenyewe haina budi kupimwa, maana nayo yaweza kujaribiwa na biashara ile ile. Mganga wa nafsi aweza kuahidi kwamba moyo ukipona tumbo litafunguka. Ushahidi uliopo haukubaliani. Domar na wenzake walieleza mwaka 2000 habari za wanawake 184 waliogawanywa katika makundi. Waliohudhuria mikutano ya mazungumzo na mafunzo walipata mimba kuliko wale walioachwa katika tiba ya kawaida. Wengine walijibu kwamba katika kundi lililoachwa wengi walijitoa kabla ya mwisho, na kwamba mizani iliyopoteza mawe yake haipimi sawa. Wataalamu wataendelea kushindana, na wana haki ya kushindana. Lakini swali la maadili halingoji mwisho wa mashindano yao. Ikiwa thamani ya faraja ni mimba, basi mwanamke aliyefarijiwa asipate mimba ameshindwa mara mbili: tumbo limemshinda, na sasa hata faraja imemshinda. Tiba inayoweza kumshindisha mgonjwa wake kwa namna hiyo haijawa tiba.

Wasomaji wa vitabu vya kale wanakijua kisa cha Hana, mke wa Elkana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Hana hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina, aliyekuwa nao, alimchokoza mwaka kwa mwaka mpaka akalia asile chakula. Mumewe alimpenda, akamwuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Ni swali la mapenzi, lakini ni la mtu atakaye huzuni iishe upesi ili naye apumzike. Hana akaenda kuomba huko Shilo, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa, akamkemea. Kufikia hapo watu watatu wamemkuta Hana: mmoja amemdhihaki, mmoja amemharakisha, mmoja amemhukumu. Kisha lilitokea jambo dogo. Hana alijibu kwamba hakulewa, bali alikuwa akiimimina nafsi yake kwa wingi wa huzuni. Na Eli, badala ya kutetea hukumu yake, aliiacha. Alisikiliza, akamwambia aende kwa amani. Kisa chasema kwamba Hana alikwenda zake akala chakula, na uso wake haukuwa tena na majonzi.

Msomaji wa haraka huruka mstari huo, akaenda moja kwa moja kwenye kuzaliwa kwa Samweli, kana kwamba mtoto ndiye aliyeurudisha uso wa Hana. Sivyo. Siku ile alipokula hakuwa na mimba, wala hakuwa na hakika ya mimba. Alikuwa na jambo moja tu ambalo asubuhi hakuwa nalo: mtu mmoja amemsikia pasipo kumshtaki. Ama aaminiye muujiza, ama asiyeuamini, wote wawili waweza kukubali kwamba mambo yalikuja kwa mpango huo: kwanza mwanamke alirudishiwa nafsi yake, ndipo lililobaki likawa ni majaliwa. Katika mpango huo imo tiba yote ya nafsi, na katika kosa la kwanza la Eli yamo makosa yake yote.

Yafaa sasa itazamwe ni kazi gani hufanywa katika chumba cha tiba, maana wengi huilaumu pasipo kuijua. Katika miaka ya 1970 Barbara Eck Menning, mwuguzi wa Marekani ambaye yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa, aliasisi chama cha Resolve, ambamo watu wenye ugumba walikutana wakasema kwa vinywa vyao yaliyowapata. Alishikilia kwamba ugumba ni msiba, na kwamba msiba hutaka kuombolezwa. Hilo lilikuwa jambo jipya kwa hospitali, lakini halikuwa jipya kwa binadamu. Kila kabila lina matanga. Aliyefiwa huketi chini, watu huja, siku huhesabiwa, chakula hupikwa na mikono ya wengine. Lakini matanga huhitaji maiti, na mtoto asiyetungwa mimba hana maiti. Kazi ya kwanza ya tiba ni kumtandikia mwanamke mkeka wa matanga ambao mila haikumtandikia.

Kazi ya pili ni kupepeta. Katika njia ya tiba itumikayo sana siku hizi, mwenye maumivu hufunzwa kuyashika mawazo yake mmoja mmoja na kuyauliza ushahidi. Mwanamke asema: mimi si mwanamke kamili. Hapingwi, wala haambiwi anyamaze. Huulizwa: ni nani aliyesema hivyo kwanza, lini, na kwa ushahidi gani? Mara nyingi hugundua kwamba sauti aliyoidhania yake ni ya mtu mwingine aliyemjua. Mwingine huamini kwamba anaadhibiwa kwa jambo la ujana, maradhi aliyopata au mimba aliyoitoa. Naye haambiwi kwamba jambo hilo halikuwa, bali huonyeshwa kwamba sababu ya mwili si hukumu ya mbinguni, na kwamba majuto hayahitaji kupewa kisu ili yawe ya kweli. Hivyo punje hubaki upande huu na makapi upande huu: huzuni ni yako, ishike kwa heshima, aibu si yako, irudishe kwa mwenyewe.

Kazi ya tatu ni ya maamuzi. Tiba ya ugumba ni njia yenye malango mengi, na kila lango lina bei. Mwanamke hudungwa sindano siku nyingi, mayai huvunwa, kisha hungojea wiki mbili ambazo walioonja husema ni ndefu kuliko mwaka. Likishindikana, yupo atakayemwambia ajaribu tena. Ni nani atakayemwambia kwamba anaruhusiwa kuacha? Hospitali huishi kwa majaribio, na ukoo huishi kwa matumaini. Hapana aliye na faida katika kukoma kwake ila yeye mwenyewe. Nchi ya Uingereza iliona hatari hii, na sheria yake ya mwaka 1990 juu ya utungishaji wa mimba iliagiza kwamba mwanamke asipewe tiba hizo kabla hajapewa nafasi ya kufaa ya kupata ushauri nasaha. Sheria haikumlazimisha kushauriwa. Ilimlazimisha mwenye tiba kumpa nafasi. Tofauti hiyo ni kubwa. Faraja ya lazima huwa mtihani, na mwanamke huyu amekwisha kufanya mitihani ya kutosha.

Sasa ziko hoja dhidi ya tiba ya nafsi, nazo si za wajinga. Hoja ya kwanza yasema kwamba tiba hii humtibu asiyekuwa mgonjwa. Mgonjwa ni ulimi wa mavyaa. Mgonjwa ni desturi impimayo mke kwa tumbo lake. Kumfunza mwanamke kuvumilia dhuluma, na kumwita aliyepona akiisha kuvumilia, ni kuitia dhuluma mafuta ili izunguke bila kelele. Hoja hii ina nguvu, na ingeshinda kabisa kama huzuni na aibu zingekuwa kitu kimoja. Lakini si kimoja. Hata katika kijiji cha malaika, ambamo hapana aulizaye wala asutaye, mwanamke aliyemtaka mtoto asimpate angelia usiku. Kumnyima bega la kulilia hadi hapo jamii itakapokuwa imetengenezwa ni kumfanya ashike zamu katika vita asivyovianza. Tena aliyeinama kwa aibu hawezi kupigana na waliomtia aibu. Ajuaye kwamba mzigo si wake ndiye atakayeutua mlangoni pa mwenyewe. Hata hivyo hoja hiyo iachiwe kazi yake ya ulinzi: mganga wa nafsi amfunzaye mwanamke kukubali kupigwa, kufukuzwa au kunyang'anywa mali kwa sababu ya ugumba, hatibu, amejiunga na wakwe.

Hoja ya pili yasema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, penye wanasaikolojia wengi na vyumba vyenye mazulia, na kwamba pasipo na daktari wa kutosha wa homa hapawezi kuwapo daktari wa majonzi. Hoja hii ilipata majibu kwa matendo. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa na shahada. Waliketi na wenye dhiki juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kulishughulikia tatizo moja baada ya jingine. Washona huyaita maradhi hayo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hapana Mswahili asiyemjua mtu mwenye mawazo. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa: baada ya miezi sita, walioketi katika benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchini Pakistan, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, wanawake wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kuzungumza na akina mama wenye sonona kabla na baada ya kujifungua; mtoto alipofikia miezi sita, wenye sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliozungumziwa hivyo, na asilimia 53 kwa waliotembelewa tu. Hao hawakuwa na ugumba, na si haki kudai kwamba dawa ya mmoja ni dawa ya wote. Lakini wanathibitisha jambo moja: kusikiliza kwa ufundi hufunzika, nacho hakihitaji zulia.

Hoja ya tatu yatoka kwa wazee, nayo ni ya heshima kuliko zote: kwamba bibi, somo na shangazi wamekuwako siku zote, na kazi ya kufariji ni yao. Ni kweli, na mabenchi ya Harare ni ushahidi wao. Lakini bibi mzaa mume ana mashaka ya mjukuu wake asiyezaliwa. Shangazi ana heshima ya ukoo. Somo ana ulimi kama watu wote. Jamaa hupenda, lakini hupenda wakiwa upande mmoja. Msikilizaji aliyefunzwa ana mambo mawili asiyokuwa nayo jamaa: hana hisa katika tumbo la mwanamke, na amefungwa na kiapo cha siri. Methali yasema mficha uchi hazai, nayo hutumiwa kumhimiza mtu aseme tatizo lake ili asaidiwe. Ni methali njema. Lakini yataka iongezewe sharti: uchi hufunuliwa mbele ya mkunga, haufunuliwi sokoni.

Yako mtu mmoja ambaye mpaka hapa hajaitwa, kama ambavyo aghalabu haitwi, naye ni mume. Katika nyumba nyingi mke huzunguka kwa matabibu na waganga miaka mitano kabla mume hajatoa manii yake yapimwe mara moja, na huku elimu imekwisha kuonyesha kwamba karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto zina kasoro upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Neno mgumba laweza kumhusu mwanamume na mwanamke, lakini kidole hujua njia moja tu. Mwaka 1985 wataalamu waliolinganisha ugumba wa nchi mbalimbali walionyesha kwamba kusini mwa Sahara sababu kubwa ilikuwa maambukizo yaliyoziba mirija. Na maambukizo hayo mke aweza kuwa ameyapata kwa mume yule yule amtishiaye kuoa mwingine. Hata hivyo mwanamume naye ana nafsi. Aibu yake ni ya kimya, kwa maana amefunzwa kwamba kushindwa kuzaa ni kushindwa kuwa mwanamume. Tiba imwachayo nje humrudisha mke nyumbani akiwa ameponywa nusu, kwa mtu ambaye hajaponywa hata robo. Haki ya mke katika jambo hili ni pamoja na mume kuketi kitini.

Yabaki swali la mwisho, lililo gumu kuliko yote: faraja ina mpaka gani? Wako wafariji wasemao upesi kwamba mtoto si lazima, kwamba kulea ni kuzaa, kwamba wapo yatima wengi. Yote hayo ni kweli, na wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, hakuzaa. Lakini alipewa jina la heshima kwa mwana wa dada yake, akaitwa Mama wa Abdallah, na kwa Waislamu wote ni Mama wa Waaminio, mwalimu ambaye wanaume wa zama zake walimwendea kwa elimu. Hapa jamii iliweza kumpa mwanamke jina la utu uzima pasipo kulidai tumbo lake. Mfano huo ni hoja kubwa dhidi ya aibu. Lakini usitumiwe kuwa fimbo juu ya huzuni. Kweli isemwayo kabla ya wakati wake huumiza kama uongo. Mwanamke akifika mwenyewe mahali pa kusema kwamba maisha yake yana umbo jingine, umbo hilo ni lake na litasimama. Akisukumwa afike, atasimama hapo kama mgeni. Kazi ya mfariji si kumchukulia mtu njia, ni kumshikia taa.

Basi tiba ya nafsi kwa mwanamke huyu si anasa, kwa kuwa maumivu yake yamepimwa yakaonekana sawa na ya wagonjwa wasiodharauliwa. Wala si ujanja wa kumnyamazisha, maadamu yatenga huzuni na aibu, na haiahidi asichoweza mtu kukitoa. Ni haki yake, nayo haitegemei mtoto kuja. Akija, na apokewe kwa vigelegele. Asipokuja, mwanamke awe amebaki mzima, mwenye jina, akiweza kula chakula chake kama Hana.

Hata hivyo nusu ya haki hiyo haimo katika chumba cha tiba. Imo kisimani, sokoni na mlangoni pa ofisi. Mganga aweza kumsaidia mwanamke kuirudisha aibu. Lakini ikirudishwa asubuhi na kuletwa tena jioni, kazi haitakwisha. Huzuni ni ya mtu, na wenzake waweza tu kumsaidia kuibeba. Aibu ni ya watu, na watu waweza kuiacha hata leo, bila dawa wala fedha. Yatosha mtu akikutana na mwenziwe njiani amwulize hali yake yeye kwanza, kisha angoje jibu.